Kisiwa cha sentimita moja

Jumamosi. Mvua imenikimbiza tena ndani ya National Gallery, jumba la picha la London, pale Trafalgar Square. Kuingia ni bure na ndani kuna joto, kwa hiyo sitajidai kwamba nilifuata sanaa. Ila miguu ikanipeleka yenyewe hadi kwenye picha iitwayo Wilton Diptych.

Ni mbao mbili tu za mwaloni, zimeungwa kwa bawaba, zinafunguka kama kitabu. Kila moja haizidi sana nusu mita kwenda juu. Ni altare ya safari: inafungwa, inabebwa, mfalme akifika anaifungua na kusali. Na mfalme mwenyewe yumo, Richard II wa Uingereza, kapiga magoti mbele ya watakatifu watatu, akimwelekea Bikira Maria na Mtoto. Ilichorwa kati ya 1395 na 1399, mwaka aliopinduliwa. Aliyeichora hana jina. Wataalamu wanabishana hata kama alikuwa Mwingereza au Mfaransa.

Malaika wananichekesha kila nikija. Wako 11, na kila mmoja kabandika kifuani beji ya ayala mweupe (ndiyo, ayala, yule kulungu dume wa Zaburi ya 42), nembo ya Richard. Mbinguni kwenyewe! Utadhani wamegawiwa fulana za kampeni. Fundi alimjua bosi wake. Lakini ile buluu ya mavazi yao, jamani. Ni jiwe lililotoka milima ya Afghanistan, likasagwa, likakorogwa na kiini cha yai. Niliitazama mpaka mtu nyuma yangu akakohoa.

Halafu kuna bendera, nyeupe yenye msalaba mwekundu. Kwenye ncha ya mlingoti wake kuna tufe, upana wake kama sentimita moja. Picha iliposafishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ndipo watu wakaona kilichomo: kisiwa cha kijani, ngome nyeupe, na chombo kimetweka tanga juu ya bahari iliyotengenezwa kwa madini halisi ya fedha. Fedha imeshaingia weusi.

Leo nimeinama, nikavua miwani, nikaivaa tena. Sikuona kitu zaidi ya doa. Mlinzi akanipungia mkono nirudi nyuma.

Nani alimwagiza fundi kisiwa kile? Na mfalme, kapiga magoti na mshumaa wake, angekionaje? Mimi barua pepe ya kuomba ruhusa ya nusu siku naiwekea jina langu kamili, cheo na namba mbili za simu. Fundi yule asiye na jina kaweka nchi nzima mahali pa ukubwa wa ukucha, akasafisha brashi, akaondoka.

Wiki ijayo nitakuja na kioo cha kukuzia, kama yule mlinzi hatakuwa zamu.