Siku moja na klachi iliyoganda

Saa 1 na nusu asubuhi. Nilikuwa bado nafagia kibanda changu hapa Muheza, chai haijachemka, nikaona pikipiki inasukumwa kutoka upande wa sokoni. Kijana kashika usukani, anachechemea. Mama yake anasukuma kwa nyuma kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika pindo la kanga alikofunga funguo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Tumekuletea mgonjwa. Mimi ningefurahi ukisema haponi."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Kijana alikuwa bodaboda, akavunjika paja, na tangu hapo pikipiki imekaa mwaka mmoja na miezi minane kwenye chumba cha nazi. Ni ile ya Kichina ya CC 125, injini iliyoigwa Honda CG125 ya mwaka 1976, yaani injini ambayo mafundi wengi wa huku tumejifunzia kazi.

Saa 2. Petroli ya zamani nje, kabureta ikasafishwa, plagi mpya. Hapo hapana hadithi. Kiki ya saba ikawaka, na kijana kwa furaha akabana klachi, ile inayotenga injini na tairi, akatia gia moja. Pikipiki ikaruka kama mbuzi aliyekatika kamba, ikagonga benchi langu, ikazima.

"Unaona?" mama akasema. Hakusema zaidi.

Kijana akaniambia fundi mwingine alishamtajia bei ya klachi nzima mpya. Nikamwambia asubiri. Klachi hii inaogelea kwenye oili: kuna pleti za msuguano, katikati yake pleti za chuma, na springi nne zinazozibana zote pamoja. Ukivuta mkono wa klachi pale kwenye usukani, springi zinaachia na kila pleti inazunguka kivyake. Sasa zikikaa zimebanwa muda wote huo, oili inakamuliwa ikatoka, kidogo kinachobaki kinakuwa kama gundi, na unyevu wa masika unaota kutu kwenye chuma. Waya unavuta, springi zinaachia, ila pleti zenyewe hazitaki kuachana. Zimenata tu, hazijaungua.

Saa 3. Waya ulikuwa mzima, mkono una mlegeo wa milimita mbili tatu, sawasawa. Oili ilitoka na rangi ya chai ya maziwa. Hayo ni maji. Nikatia oili nyingine, nikaiacha injini ichemke dakika kumi, pikipiki ikiwa juu ya stendi kubwa, tairi la nyuma linaelea. Kisha gia ya pili, klachi nimeibana mpaka mwisho, nakanyaga breki ya nyuma kidogo kidogo. Mara nyingi hapo unasikia "tak!" na pleti zimeachana, kazi imeisha bila kufungua hata nati moja. Leo injini ilizima mara tatu. Nikaacha. Wapo wanaoendelea kulazimisha, wengine hutoka nayo barabarani wakipiga gesi na kufunga breki. Mimi na stendi ya mabasi pale mbele yangu, siwezi.

Saa 5 tukafungua. Oili tukaikinga, kiki ikatolewa, waya ukachomolewa, bolti za spana namba 8, dogo ninayemfundisha kazi akazichomeka kwenye boksi alilolichora umbo la kava, kila bolti tundu lake, maana hazilingani urefu. Springi nne zikatoka, kisha nati ya katikati yenye mapengo, ambayo spana yake niliitengeneza mwenyewe kwa kipande cha bomba. Pleti zikatoka zimeshikana kama chapati zilizopangwa moto moto.

Hapa ndipo watu wanapoharibu. Ukitia bisibisi ukabetua, unang'oa msuguano, na hapo kweli utanunua mpya. Mimi natumia kisu chembamba cha mezani, nazungusha pembeni taratibu. Mbili ziliachia upesi. Ya nne ilinichukua karibu nusu saa, na ilipoachia, kwenye chuma kulibaki vipande vya kutu vyenye umbo la msuguano, kama umepiga mhuri.

Mama akasogea kuchungulia. "Kumbe ni sahani?"

"Sahani, mama."

"Si uzioshe basi."

Na ndivyo nilivyofanya. Za chuma nikazilaza kwenye kioo cha dirisha, msasa namba 400, mkono mwepesi. Kioo pia kinakuonyesha kama pleti imepinda. Za msuguano hazipigwi msasa, ni petroli na brashi tu. Unene wake ulikuwa bado mzuri. Saa 7 nikazitumbukiza kwenye oili mpya, nikaenda kuswali na kula. Ningeziacha zilale humo usiku kucha, lakini mama alikwishakaa kwenye kigoda na hakuonyesha dalili ya kuondoka. Oili niliyotumia ina alama ya JASO MA kwenye kopo, yaani ni ya pikipiki zenye klachi ya kuogelea kwenye oili. Nyingi za gari zinazotangazwa kuokoa mafuta zina vilainishi vinavyofanya klachi iteleze.

Saa 9 tukarudishia: gasketi mpya, springi nikazikaza kwa msalaba, kidogo kidogo, maana bolti zake ni nyembamba na zikikatikia ndani utalia.

Saa 10 na nusu. Kiki ya pili, ikawaka. Klachi, gia moja. Pikipiki ikatulia tuli. Kijana akaachia mkono polepole, akazunguka mwembe mara moja, akarudi jasho linamtoka. Alikuwa anatetemeka, nami nikajifanya natafuta spana.

Mama akanilipa, akaomba ile oili chafu apake nguzo za banda la kuku, mchwa wamezidi. Kisha akanyoosha mkono kwa mwanawe.

"Funguo. Jua linashuka. Leo tunasukuma."

Wakaondoka kama walivyokuja, yeye nyuma, safari hii mkono mmoja una kidumu.