Kabla Hujatoboa Sakafu ya Vani

Theluji ikianza kuyeyuka hapa Minnesota, simu yangu hujaa ujumbe wa vijana wanaotaka kuingia kwenye kazi ya kusafisha mazulia. Karibu wote huuliza mashine ipi ni nzuri. Hakuna anayeuliza itafungwaje garini. Mpwa wangu hakuuliza hata hilo la kwanza: alinunua vani ya Ford Transit iliyotumika, akanunua na mashine yenye injini yake ya petroli, ile inayopuliza maji ya moto kwenye zulia na kuyafyonza tena yakiwa machafu, akaja nyumbani nayo imekaa juu ya plywood, imekazwa kwa mikanda ya kufungia mizigo.

"Mjomba, matundu manne tu tunatoboa, nusu saa tumemaliza."

Nikamwambia aweke drili chini, tuingie uvunguni kwanza.

Waliojifunza kazi hii zamani walikuwa na vani za Ford E-Series, zile zilizokoma kutengenezwa 2014. Chini zilikuwa na chesisi nene, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima; ukitoboa sehemu ukakutana na chuma cha maana, unakaza, umemaliza. Transit haina chesisi ya namna hiyo. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu, na sakafu yake ni bati lililokunjwa mikunjo, na maboriti membamba yamechomelewa chini yake. Kati ya maboriti hayo kunapita tangi la mafuta, mabomba ya breki na mafurushi ya nyaya. Tulipolala uvunguni na tochi, tundu moja alilokuwa amelichorea alama ya chaki lingeangukia juu ya tangi la petroli. Alinyamaza kidogo.

Ford wenyewe hutoa mwongozo kwa mafundi wanaofunga vifaa kwenye magari yao, unapakuliwa bure, na unaonyesha mahali pasipotobolewa. Kampuni nyingine za vani nazo wana wao. Ni kurasa nyingi na zinachosha, lakini soma angalau zile za sakafu na za umeme.

Skrubu za kujitoboa zenyewe sizitaki kabisa. Bolti ipite sakafu yote, na chini yake kuwe na kipande cha bati nene la chuma kinachogawanya mzigo. Kwa bolti za inchi natazama kichwa: mistari sita maana yake ni daraja la 8, lenye nguvu zaidi, mistari mitatu ni daraja la 5. Ndani ya tundu la plywood weka kipande cha bomba la chuma, vinginevyo mbao itabonyea na bolti italegea baada ya miezi michache. Kingo za kila tundu zipake rangi ya kuzuia kutu, maana chumvi wanayomwaga barabarani huku wakati wa baridi inakula bati bila huruma.

Mpwa wangu aliona namsumbua, nikampigia hesabu. Gari likigonga likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa na kusimama ndani ya sentimita 60, kila kilichomo husukumwa mbele kwa nguvu ya mara 16 hivi ya uzito wake. Mashine yake ni kilo 350. Hiyo ni kama tani tano na nusu zinazokuja mgongoni mwa dereva. Ndiyo maana nataka pia ukuta wa chuma kati ya kiti na mzigo. Mikanda aliyonunua ilikuwa ya kufungia friji.

Uzito nao watu huuchukulia kirahisi. Ukifungua mlango wa dereva utaona kibandiko kinachosema watu na mizigo kwa pamoja wasizidi kiasi gani. Cha gari lake ni kilo 1,500 na kidogo. Tangi la maji safi la galoni 100 likijaa ni karibu kilo 380, na bado hujaweka mashine, mipira ya maji, dawa, wala wewe mwenyewe. Kuna wanaosema maji ni yaleyale, yakitoka tangi safi yanaingia tangi chafu. Si kweli. Ukijaza tena kutoka bomba la mteja kisha ukaondoka bila kumwaga machafu, umebeba yote mawili. Matangi yakae mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, na ndani yawe na vizuizi vinavyokata mawimbi, kazi ileile ya majani ambayo mama zetu huweka juu ya ndoo wakitoka kisimani. Tulipolipima gari kwenye mizani ya malori, ekseli ya nyuma ilikuwa salama lakini upande wa kushoto ulikuwa umelala waziwazi, basi tukahamishia rola la mipira kulia.

Ninaloliogopa kuliko yote ni moshi. Mashine hizi huchemsha maji kwa kutumia joto la ekzosi, kwa hiyo bomba la moshi lina viungio vingi, na kila kiungio kinaweza kuvuja. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na hushikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Bomba lishuke kupitia sakafuni, lizungukwe na kinga ya joto, na litoke hadi nje ya ubavu wa gari. Likiishia uvunguni moshi unarudi ndani. Milango iwe wazi muda wote injini inaponguruma, hata kama nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri. Kengele ya kugundua gesi hiyo ikae karibu na kiti cha dereva, na kizimamoto kiwe mahali utakapokifikia bila kuipita mashine inayowaka. Dumu jekundu la petroli pembeni ya ekzosi, kama alivyokuwa nalo yeye, nililitoa mwenyewe.

Kuhusu umeme nina neno fupi: usikate waya wowote wa gari ili ujiunganishe. Transit ina sehemu maalumu ya kuunganishia vifaa vya ziada chini ya kiti cha dereva, ambako ndiko betri zilipo. Fyuzi ikae karibu na betri. Na usiguse nguzo za milango, mle mna nyaya za mifuko ya hewa.

Tulibishana mwisho kuhusu baridi. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na pampu inapasuka usiku mmoja. Yeye alitaka hita ya gesi ya mtungi iwake ndani ya vani usiku kucha. Nimemnunulia ya umeme, na waya mrefu wa kutosha kutoka gereji ya mama yake. Bili ya umeme watajuana wenyewe.