Kutabiri medali ya Newbery: anza na kura, kitabu kifuate

Kila Januari, Chama cha Maktaba cha Marekani kinapotangaza medali ya Newbery, tuzo ya kitabu bora cha watoto, wengi hupigwa na butwaa. Kitabu kilichosifiwa mwaka mzima hakikutajwa, na kilichoshinda hawajawahi kukisikia. Ukijua kura zinavyopigwa, mshangao huo hupungua.

Kamati ina watu 15. Kila mmoja huteua vitabu saba: vitatu Oktoba, viwili Novemba, viwili Desemba. Wakikutana faraghani hujadili vilivyoteuliwa, kisha kila mtu huandika machaguo matatu. La kwanza lina alama 4, la pili 3, la tatu 2. Mshindi sharti apate angalau kura 8 za chaguo la kwanza, na pia amzidi anayemfuata kwa alama 8. Sharti moja likikosekana, wanarudi kujadili na kupiga kura upya.

Tuseme kitabu A kimepata kura 8 za kwanza, 2 za pili na 1 ya tatu: alama 40. Kitabu B kina 4 za kwanza, 5 za pili na 3 za tatu: alama 37. A ana kura mara mbili zaidi za kwanza, lakini hajashinda, maana tofauti ni alama 3 tu. Mjadala ukifunguliwa tena, B, ambaye kapendwa kidogo na watu wengi, anaweza kumpita. Kwa hiyo usiulize tu nani ana mashabiki wakali. Uliza ni kitabu gani watu 15 wenye ladha tofauti wanaweza kukikubali baada ya kukisoma mara ya pili na ya tatu.

Hapo ndipo nyota za wahakiki zinapowapoteza watabiri. Nyota ya Kirkus au ya Horn Book, majarida ya uhakiki wa vitabu, ni sifa tu, imetolewa nje ya chumba cha kamati. Haisemi kitakachotokea mtu atakapofungua ukurasa fulani mbele ya wenzake na kuuliza kwa nini mhusika kabadilika ghafla, au kwa nini tarehe ya kihistoria imekosewa. Kosa dogo la ukweli au mwisho ulioharakishwa huangusha kitabu kizuri, kwa sababu kila mjumbe huja na kurasa alizozitia alama. Tumia nyota kupata orodha ya kusoma, kisha ziweke kando.

Kabla ya kusoma, chuja. Mwandishi awe raia au mkazi wa Marekani, kitabu kiwe kimechapishwa huko mwaka uliotangulia, na wasomaji wake wawe watoto wa hadi miaka 14. Tafsiri hazimo, hizo zina tuzo ya Batchelder. Kila mwaka kuna watu wanaompigia debe mwandishi mahiri wa Uingereza anayeishi kwao, na ni kazi bure.

Jina la mwandishi halitakusaidia sana. Kamati hupima kitabu cha mwaka huo tu, si kazi zake zote, wala ushindi wa zamani haumzuii: Kate DiCamillo alishinda 2004 na 2014, Erin Entrada Kelly 2018 na 2025. Umaarufu nao haupimwi, wala mafunzo ya maadili. Charlotte's Web, kipenzi cha vizazi, kiliishia kuwa kitabu cha heshima, daraja la chini ya medali, mwaka 1953. Usidharau umbo pia. Mwaka 2016 kilishinda kitabu cha picha, na 2020 riwaya ya katuni kwa mara ya kwanza. Ila kumbuka kwamba kinachopimwa hasa ni maandishi. Picha huingia kwenye hesabu pale zinapokidhoofisha kitabu. Anayetaka kupima picha aende kwenye Caldecott, tuzo ya mchoraji.

Kipimo bora ninachokijua ni kura ya majaribio. Kusanya watu kama kumi na vitabu visivyozidi vinane. Vikizidi hapo, wengine hawatavimaliza, na kitakachoshinda ni kile kilichosomwa na wote, si kilicho bora. Kwa watu kumi, punguza masharti: kura 6 za kwanza na tofauti ya alama 5. Anzeni kila kitabu kwa uzuri wake, kisha kasoro, na kila hoja itaje ukurasa. Msipige kura kabla ya kuzungumza. Mkiona kitabu kinapanda kutoka duru ya kwanza hadi ya pili, kiandikeni, maana hiyo ni dalili yenye uzito kuliko nyota sita.

Mwishowe toa uwezekano, usitoe jina moja. Hata kinachoongoza mimi sikipi zaidi ya asilimia 20 (yaani 0.2), kwa kuwa vitabu halali ni mamia na kamati ni mpya kila mwaka. Matokeo yakitoka, jipime: ondoa uwezekano uliouandika kwenye 1 kama kitabu kimeshinda, au kwenye 0 kama kimeshindwa, kisha zidisha tofauti kwa yenyewe. Ukikipa 0.2 kikashindwa, adhabu ni 0.04, ukikipa 0.7 kikashindwa, ni 0.49. Jumlisha adhabu za vitabu vyote kwenye orodha yako, uzihifadhi, na uzilinganishe na za Januari inayofuata.