Nilivyompeleka mdogo wangu chuo cha binafsi, na elfu 30 iliyoenda na maji

Mi nauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, mambo ya vyuo sikuwa nayajua kabisa, mwenyewe niliishia form four. Mwaka juzi mdogo wangu wa kike akapata D nne: Kemia, Baiolojia, Kiswahili na Jiografia. Fizikia F. Basi simu yangu haikupumzika, sijui namba walitoa wapi, kila siku kijana mpya, "dada angu hongera, nafasi zimebaki chache sana." Hapa Mwanza kuanzia Buzuruga mpaka Nyegezi mabango ya vyuo yameshayapita ya waganga, na hao vijana nilikuja kugundua wanalipwa kwa kichwa, akiandikisha mtu na yeye anapata chake, kama dalali wa nyumba tu.

Mmoja akanipata. Eti dogo atasoma Utabibu. Nikamuuliza mbona Fizikia kafeli, akasema "hilo tuachie sisi, tutampenyeza." Nikatuma elfu 30 ya fomu kwenye namba yake ya simu, yake binafsi jamani, sio akaunti ya chuo. Mpaka leo haijarudi na nishachoka kuidai.

Aliyeniamsha ni mteja wangu, mama mmoja nesi. Nampimia dagaa huku namsimulia kwa furaha, akanikatiza, "We binti, Utabibu bila D ya Fizikia unaingiaje?" Akaniambia majina ya wanafunzi wa hivi vyuo vya kati yanapelekwa NACTVET, lile baraza la serikali linalosimamia vyuo hivyo, kuhakikiwa, kwa hiyo chuo kinaweza kumpokea mtoto kikala ada mwaka mzima kumbe kule jina lake halipo. Akafungua simu akanionyesha mwongozo wa udahili, uko bure kwenye tovuti yao, una chuo, kozi, sifa za kuingilia, ada mpaka idadi ya nafasi. Tukakitafuta chuo cha yule kijana. Kipo, kimesajiliwa kabisa! Ila kozi zake ni za biashara na kompyuta, ya afya hata moja hamna. Yaani mi nilijua chuo kikishasajiliwa basi kinafundisha chochote, kumbe kila kozi inaruhusiwa kivyake.

Kwa D zake famasi anaingia, inataka D nne zisizo za dini, Kemia na Baiolojia zikiwemo. Nikaandika vyuo vitatu vyenye hiyo kozi, nikavaa raba, nikavizungukia bila kupiga simu. Cha kwanza maabara ilikuwa na vifaa bado vimo kwenye maboksi, vumbi juu. Cha pili hawakutaka niongee na wanafunzi, nikaaga. Cha tatu jengo la kawaida tu, lakini wanafunzi wa mwaka wa tatu walinitajia hospitali waliyofanyia field na siku walizokaa, bila kuangaliana usoni. Hapo nikakaa.

Ada milioni 1.5. Nikamwambia mhasibu aniandikie na yale mengine yote, sare, mitihani, kitambulisho, bima, field, agonge muhuri. Ikafika milioni 2.2 na kidogo. Sichukii vyuo vya binafsi, vya serikali nafasi ni za kugombania na bila hivi dogo angekuwa anakaanga maandazi. Na mimi dagaa nauza kwa faida, ila simpimii mtu mchanga.

Shida ikabaki hela inapatikana lini. Walitaka awamu mbili, na biashara yangu inafuata mwezi, dagaa wanavuliwa kwa taa kwenye giza, mbalamwezi ikitoka mitumbwi mingi inapumzika na mimi napumzika na njaa yangu. Nikamweleza mhasibu hivyo hivyo. Akacheka sana, nikamwambia baba usicheke, chukua kalenda. Tukakaa tukapanga awamu sita, kila moja wiki ya giza, mbili za mwisho kabla ya mitihani maana bila ada hawakuruhusu kuingia chumba cha mtihani. Akasaini, nikasaini, nalipia benki na slipu zote nimezitunza kwenye kopo la Blue Band.

Dogo sasa yuko NTA level 5, yaani mwaka wa pili kati ya mitatu. Mhasibu akiniona getini hata shikamoo yangu haisubiri, anauliza "mwezi umezama?"