Siku moja shambani kwangu Malindi, na ile kona nisiyoigusa

Saa 11 alfajiri nikishaswali tu niko shambani, na siku hizi sianzi na jembe, naanza na ndoo. Kaskazi ikianza kuvuma hapa Muyeye udongo mkavu unapaa wote, sasa mimi nataka kabla jua halijatoka ardhi iwe imelowa, hasa ule upande wa chini kwenye turubai.

Niwaeleze ilivyokuwa. Nina kama robo eka, mchicha, mnavu, bamia na mihogo pembeni. Kona ya chini ilikuwa ikijaa maji kila masika nikawa natafuta kifusi, jamaa mmoja wa lori akaniletea trip mbili bure kutoka nyumba ya zamani iliyobomolewa, nikamshukuru kweli nikampa na mafungu ya mchicha aende nayo. Hakuniambia kitu. Mwezi mzima nimekanyaga nimesambaza kwa reki, mpaka binamu yangu fundi wa paa alipokuja akaona kipande, akakimwagia maji ya chupa kwanza ndo akakigeuza, akasema dada hii si simenti tupu, hii ni asbesto, nyuzi za madini zilizokuwa zikichanganywa na simenti ya kuezekea paa. Kikapelekwa maabara, ikawa kweli.

Kipande chenyewe kijivu, chembamba kama biskuti, kimepinda mawimbi kama bati, na pale kilipovunjika pametokeza vinywele vyeupe laini kama uzi wa gunia lililochakaa. Na hivyo unavyoviona si vya kuogopa sana, vya kuogopa ni vile jicho halivioni, vinaelea hewani masaa, unavuta pumzi vinashuka mpaka ndani kabisa ya mapafu na vingine mwili unashindwa kuvitoa.

Saa 3 niko sokoni. Mama mmoja mteja wangu wa mihogo, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kisha akashika muhogo akaninong'oneza, mwanangu hii haijanywa sumu? Nikamwambia la mama, mizizi hainyonyi hizo nyuzi, si kitu cha kuyeyuka kikapanda na maji. Ubaya uko kwenye udongo ulioganda nje ya muhogo, kwa hivyo mimi nauosha ukiwa mbichi hukohuko shambani, nawe nyumbani uoshe tena kabla hujamenya. Na ya ile kona sijaileta sokoni wala sitaileta. Akanunua. Hili swali naulizwa kila siku na linaniuma, manake watu wote wanaangalia sahani na hakuna anayeuliza kuhusu vumbi.

Hata mihogo iliyogeuka manjano karibu na kifusi, jirani wote wakasema asbesto imeila. Si hivyo jamani. Ni chokaa ya simenti iliyomo kwenye kifusi, udongo wetu wa matumbawe tayari una chokaa nyingi, ikiongezwa nyingine mmea unashindwa kufyonza madini ya chuma, jani linageuka manjano mishipa inabaki kijani. Mmea unaweza kunawiri kabisa juu ya asbesto na wewe unayepalilia ndo unaumia.

Saa 5 wakaja wale wa kubeba taka hatari wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, manake asbesto inahesabiwa taka hatari, si kitu cha kutupa jaani. Kazi yao ni kulowesha, kuokota bila kuvunja, kufunga plastiki nzito mara mbili na kuzika shimo lililoidhinishwa, na udongo wa juu unakwanguliwa uende nao, kwa sababu hizo nyuzi haziozi hata ukingoja miaka. Bei waliyonitajia ni mauzo yangu ya miezi sita. Nikasema nitalipa kwa awamu, na mpaka hapo nisilime nisifagie, turubai libaki na udongo safi juu yake.

Saa 10 mwanangu akarudi shule. Ana miaka 8. Hapa ndo moyo wangu ulipo, manake kabla hatujajua alikuwa akichukua vile vipande akichorea magoli sakafuni kama chaki. Nilimpeleka kwa daktari, akaniambia picha ya kifua saa hii haitaonyesha kitu, haya magonjwa, makovu ya mapafu, kansa ya mapafu na ile ya utando wake inayoitwa mesotelioma, huchukua miaka 20, 30, hata 40 kujitokeza. Akasema pia hatari inakua kwa wingi na muda, siku chache si sawa na miaka mgodini, na asije akavuta sigara maisha yake yote. Nimeshika hilo. Lakini huko Afrika Kusini mwaka 1960 Wagner na wenzake waliandika kuhusu wagonjwa 33 wa mesotelioma, na wengine hawakuwahi kuchimba, waliishi tu karibu na migodi tangu utotoni. Hilo nalo nalijua.

Magharibi navua nguo za shamba nje uani, sizikung'uti, naziloweka moja kwa moja kwenye beseni lao peke yake, kuna wanawake waliougua kwa kufua tu nguo za waume zao. Mwanangu akaniuliza mama sakafu nitachorea nini sasa. Nikampa mkaa.