Kiti changu cha Narborough Road

Mei 2019 niliacha kazi ya usafi nikapanga kiti cha kusukia ndani ya duka la kinyozi hapa Narborough Road, Leicester, Uingereza. Rasta, yeboyebo, twende kilioni. Jumamosi nilikuwa natoka saa nne usiku, vidole vimekufa ganzi, lakini hela ilikuwa yangu.

Jumatatu ya tarehe 23 Machi 2020 waziri mkuu akatokea kwenye runinga: watu wakae ndani kwa sababu ya korona. Saluni zikafungwa. Baadaye serikali ikasema waliojiajiri watalipwa asilimia 80 ya wastani wa faida yao. Nilipiga vigelegele, mpaka nikafika kwenye sharti: uwe na hesabu za kodi za mwaka ulioishia tarehe 5 Aprili 2019. Nilichelewa kwa mwezi mmoja tu! Ruzuku ya pauni 10,000 nayo ilikuwa ya mwenye duka, si ya mwenye kiti. Misaada mingine viza yangu inaikataza.

Mama akapiga simu kutoka Tanga. "Sisi sokoni tunauza kama kawaida, nyie wa Ulaya ndio mmefungiwa?" Akacheka. Hela ya mwezi hakuiuliza, na ndiyo iliyonitoa machozi.

Kilichoniokoa ni upatu. Tuko kumi, pauni 100 kwa mwezi. Sita wanahudumia wazee kwenye makao, na kwao kazi ilizidi badala ya kusimama. Kijumbe wetu alikuwa akiingia zamu za usiku siku zile barakoa ni za kugombania, akirudi anavua nguo mlangoni kwa kuwahofia wanawe. Hao sita hawakukosa kulipa hata mwezi mmoja. Sisi wasusi na wapika maandazi tukasubiriwa. Zamu yangu ya Oktoba wakaivuta hadi Julai.

Na Julai ndiyo iliyouma. Tarehe 4 saluni za England zikafunguliwa, za kwetu zikabaki na kufuli; Leicester ulikuwa mji wa kwanza kufungiwa peke yake. Wateja wangu wakapanda basi hadi Loughborough, nje ya mpaka, wakarudi wamesukwa. Sikuwalaumu. (Mmoja nilimlaumu. Anajijua.)

Agosti nilipofungua, wa kwanza kukaa kitini alikuwa kijumbe, nywele zimemkatika kwa kofia za kazini. Nikamwambia leo hulipi.

"Usinitanie," akasema, akitoa noti. "Mwezi huu una deni la mia, na daftari ninalo mimi."