Megapikseli zilinila hela, tochi ya simu ikaniokoa

Kila niliyemuuliza ninunue kamera gani alinijibu neno moja: angalia megapikseli. Mimi napiga picha za send-off na ubatizo hapa Mwanza, kumbi zenyewe nusu giza, na ushauri ule bado unaniuma.

Nilichukua Nikon D3200 iliyotumika, megapikseli 24, nikaipachika lenzi ya 50mm f/1.8D maana inapokea mwanga vizuri na bei yake haiumizi. Hakuna aliyeniambia kwamba bodi ile, yaani kamera yenyewe bila lenzi, haina mota ya kufokasi, ya kuisogeza lenzi hadi picha ikae kali, na lenzi za herufi D zinaitegemea mota hiyo. Basi send-off ya kwanza, Kirumba, binti anaingia na wapambe wake, nabonyeza, lenzi kimya. Nikazungusha pete kwa mkono usiku kucha, jasho linaingia machoni. Kwenye picha ya keki, kisu kinang'aa, nyuso zimefifia. Mama wa binti alizitazama zote, akasema, "Haya, mwanangu." Heri angenigombeza.

Bodi ile niliiuza kwa hasara, lenzi nikabaki nayo, nikaanza kutafuta Nikon D7000. Ni ya 2010, megapikseli 16 tu, ila mota imo.

Ya kwanza niliyoletewa ilikuja na lenzi yake ya 18-105, kwa nje inametameta. Nikawasha tochi ya simu, nikaimulika kwa nyuma, nikachungulia mbele kwa pembeni. Ndani, kuanzia ukingoni, nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Fangasi! Hewa ya ziwani ina unyevu. Lenzi ikifungiwa mkobani miezi na miezi, inaota fangasi. "Bosi, hilo ni vumbi tu," jamaa akasema. Nikamrudishia.

Ya pili niliimulika, safi. Nikapiga anga kwa f/16, tundu la lenzi likiwa dogo, kutafuta vidoa kwenye sensa, kile kibao cha ndani kinachopokea picha, nikafunika lenzi nikapiga giza sekunde 30 kutafuta nukta zinazowaka zenyewe, kisha faili nikalifungua kwenye laptop, maana Nikon huandika humo shata, pazia linalofunguka kila unapopiga, imepigwa mara ngapi. Elfu arobaini na kitu, wakati kiwanda kiliijaribu hadi 150,000. Nikalipa kama laki sita hivi, pamoja na betri ya akiba.

Jumapili iliyofuata nilipiga ubatizo Nyegezi, bila fleshi, kwa lenzi yangu ileile ya 50mm. Kuna tone la maji limesimama kwenye nyusi ya mtoto, unaliona kabisa. Baba yake ameiosha picha hiyo kwa ukubwa wa A3, ameitundika sebuleni.